Hariri kwa Watu wa Pamba

Juzi nilimkera kijana wa watu pale gulioni Bariadi. Alikuwa ametandaza vitambaa vyake juu ya turubai, anawaita wapita njia kwa sauti iliyokauka: "Hariri, mama, hariri ya Dubai, njoo ushike!" Nikashika. Nikamwomba kiberiti, nikachomoa uzi mmoja pembeni, nikauwasha. Uliyeyuka ukawa kitone cheusi kigumu, na harufu yake ilikuwa ya mfuko wa nailoni ulioangukia jikoni. "Hii plastiki, mwanangu," nikamwambia. Akacheka kwa aibu. "Mama naye! Huku kwetu nani anajua hariri?"

Nimetembea na swali hilo mpaka nyumbani, na bado linanichoma. Nani anajua? Mimi najua, rafiki yangu, na aliyenifundisha alikuwa mkulima wa pamba wa Ngulyati ambaye visigino vyake vilipasuka kila kiangazi. Kaa nikusimulie, maana nikinyamaza itaonekana kijana yule amesema kweli.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa amefanya kazi Mwanza kabla sijazaliwa, kwa fundi mmoja mzee wa Kihindi aliyeshona nguo za harusi. Aliporudi kijijini kulima alileta vitu viwili tu vya maana: cherehani, na gunia dogo la vipande vya hariri vilivyobaki mezani. Watu walimcheka sana kwa gunia hilo. Wenzake walirudi kutoka mjini na masufuria na mablanketi, yeye karudi na matambara.

Msimu wa pamba sisi wajukuu tulikaa naye barazani mchana kutwa tukichambua mavuno, safi kapu hili, fifi, yaani ile yenye madoa na uchafu, kapu lile. Palikuwa na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga kwenye sahani ya bati, nzi wa kutosha, na kengele za ng'ombe wa jirani zikipita kuelekea lamboni. Vidole vikishazoea kutofautisha pamba kwa kugusa tu, bibi alifungua gunia lake. "Fumba macho, mayu," aliniambia. Mayu kwetu Wasukuma ni mama, lakini bibi humwita hivyo hata mjukuu wa miaka minane. Kisha aliniwekea kipande mkononi.

Satini niliijua kwa ubaridi wake. Inateleza, ina uzito, upande mmoja unang'aa na wa pili umefifia kabisa. Shifoni ilikuwa nyepesi mno, unauona mkono wako ng'ambo ya pili, na ina kiburi: ukiikata peke yake inakimbia mkasi, kwa hiyo bibi aliibana katikati ya karatasi mbili za gazeti akakata vyote pamoja. Krepu ilikwaruza kidogo, na ukiifinya ngumini kisha ukaiachia, inarudi ilivyokuwa bila kinyongo. Tafeta ilikuwa inaongea. Ukiitikisa inatoa mlio mkavu, na bibi alisema bibi harusi wa tafeta husikika kabla hajaonekana. Mimi niliyoipenda ni ile yenye vifundo vifundo kwenye nyuzi, ngumu kiasi, isiyo na makuu. Jina lake hata bibi alikuwa amelisahau. Alisema vifundo vile si kasoro, uzi umetoka hivyo kwa mdudu mwenyewe, na anayetaka kuvinyoosha kwa pasi anajisumbua bure.

Zote hizo, alituambia, zimetoka kwenye mate ya kiwavi anayekula majani. Tulicheka mpaka karanga zikatupalia. Kumbe wakubwa wanavaa mate! Bibi alichoma uzi mmoja atuonyeshe: ukanuka nywele zilizoungua, majivu yakasagika vidoleni. "Mkiambiwa hariri, msiamini macho," alisema. "Ulizeni moto."

Sasa nyumba yetu ilikuwa na sheria moja ambayo kila mwana wa fundi cherehani huku anaijua: kitambaa kipya hakikatwi kikavu. Pamba hurudi. Ukishona kabla hujailowesha, gauni la leo litakuwa blauzi baada ya kufuliwa. Kwa hiyo kila kitambaa walicholeta wateja wa bibi kilizamishwa kwenye beseni la maji yenye chumvi kidogo ili rangi ishike, kikakamuliwa, kikaanikwa juani, ndipo mkasi ukapita. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na niliiringia.

Mwaka mmoja, wiki chache kabla ya sikukuu ya mavuno kanisani, furushi likafika kwa basi la Mwanza. Yule fundi mzee alikuwa anafunga duka, akamkumbuka bibi kwa mita kadhaa za satini ya hariri, kijani cha mpunga mchanga. Bibi aliiweka shavuni, akakaa nayo hivyo muda mrefu. Kisha akatangaza kwamba ataivaa siku ya sikukuu. Na mwaka ule ilikuwa zamu yake kubeba kapu la mbele, lile linaloongoza akina mama wote kupeleka mazao madhabahuni. Aliisubiri zamu hiyo miaka mingi.

Habari zikamfikia mwenyekiti wa akina mama kabla ya jioni. Akaja mwenyewe. "Mwadila, mayu," akasalimia kwa heshima zote, akapewa kigoda, akanywa maji, ndipo akafunguka. "Mayu, mimi sina neno na wewe. Ila hariri ni ya mabibi harusi na wake za wakubwa. Sisi watu wa jembe kitenge kinatutosha. Ukija na hiyo, kapu atabeba mwingine."

"Pamba yangu inavaliwa na watu nisiowajua, huko ng'ambo," bibi akamjibu. "Sijawahi kuwauliza kama inawafaa. Kapu ni lenu, mayu. Mwili ni wangu."

Nilisikia, nikavimba kwa fahari. Na kwa sababu hiyo hiyo, kesho yake bibi alipokwenda shambani, mimi nikaamua kumrahisishia kazi. Nikajaza beseni. Nikatia chumvi. Nikaizamisha ile satini yote, nikaikamua kwa kuisokota kwa nguvu zangu zote kama nilivyozoea, nikaianika kwenye jua la saa sita.

Bibi aliporudi alinikuta nimesimama kando ya kamba nikisubiri sifa. Kitambaa kilikuwa kimekakamaa. Michirizi myeupe ilipita kila mahali nilipoisokota, na ule mng'ao ulikuwa umebaki mabaka mabaka. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichomoa uzi, akauwasha kwa kaa la jikoni, akanusa. "Bado ni hariri," akasema, akaingia ndani.

Jirani yetu alikuja na shauri lililoonekana la busara kweli. Shona upande wa ndani uwe nje, alisema. Upande uliofifia michirizi haionekani sana, watu watadhani ni kitambaa cha kawaida, mwenyekiti ataridhika, na kapu utabeba. Mimi nilimwomba Mungu bibi akubali. Bibi akatandika satini mezani, upande wa kung'aa juu, akaikata.

Jumapili ya sikukuu mwenyekiti alimtazama kuanzia shingoni hadi miguuni, akampa kapu mwanamke mwingine. Akina mama wakapanga foleni na mpunga wao, mahindi, kuku wanaolalamika. Bibi akajitwika ungo wake wa pamba safi, akasimama wa mwisho kabisa. Mimi nilimshika gauni nikilia. "Bibi, mimi ndiye niliyekuharibia."

"Umeharibu rangi," akasema. "Haki ya kuvaa hakuna aliyeiharibu. Futa kamasi, twende."

Tukaenda. Foleni ilikuwa ndefu, na waliokwisha kufika mbele wote waligeuka kumtazama wa mwisho. Hakuharakisha.

Duka la Mwanza limekufa, gunia la vipande walilitafuna panya, na bibi mwenyewe hayupo. Baraza lile sasa lina vigae. Watu wanaojua kitambaa kwa kukigusa na kukichoma wamebaki wachache, na mimi sioni haya kusema mkoa huu mzima ninawatafuta. Wengine huniuliza kama nimehifadhi japo kipande cha gauni lile. Sina. Alilivaa kila Jumapili, akalivaa kwenye misiba na harusi, akalivaa mpaka makwapa yakachanika na pindo likaisha. Halikushonwa liwekwe sandukuni.

Siku hizi nina cherehani yangu mjini. Mara moja moja anaingia mama ametoka shambani, ana vumbi miguuni, anagusa satini iliyoning'inia mlangoni kwa ncha ya kidole, anauliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hii na mimi itanifaa kweli?" Nachukua tepu, nampima kifua.