Siku Mashine ya Mahindi Iliponifuata Makaburini

Jambo hili nikilisimulia masikio hupata joto kwa aibu, ila waliokuwepo wameshalitangaza kijiji kizima cha Pito, kwa hiyo bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mwaka ule nilimzika mke wangu, Mama Tere, na kwa majonzi nikachelewa kuvuna, nikachelewa na kupukuchua, hadi mawingu ya kwanza ya mvua yakaanza kujikusanya na mahindi yangu yote bado lundo shambani, hayana hata turubai. Mashine ya kupukuchua ya kikundi chetu, inayovutwa na trekta, huenda kwa zamu, na zamu yangu ilikuwa siku ile moja tu, ya mwisho. Nikiikosa, chakula cha mwaka mzima, changu na cha wanangu, kinalowa na kuoza.

Asubuhi dereva (Msukuma mmoja mpole, mgeni kabisa, hajui hata kijiji jirani cha Milanzi kiko upande gani) akaniandikia nimtumie mahali nilipo. Nilikuwa natumia simu ya marehemu, na kila ujumbe bado ulikwenda kwa jina lake, sikuwa na moyo wa kulifuta. Nikaona sehemu mbili za kubonyeza, nikabonyeza ya juu kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu (darasa la saba langu liliishia hapo). Kumbe ile ya juu haitumi mahali, inakutuma wewe mwenyewe, kila uendako inakufuata!

Basi nikaona trekta litachelewa, ngoja nipite makaburini mara moja nimwambie mwenzangu kwamba leo ndiyo leo. Najua hasikii. Lakini miaka yote mipango ya mashine alikuwa anaifanya yeye, nisingeweza kukaa bila kumpa taarifa.

Nimechutama, nang'oa majani huku namweleza, nikasikia trekta linanguruma. Aibu ikanishika, mwanaume mzima naongea na msalaba, nikalala kifudifudi nyuma ya kaburi. Trekta likasimama, mashine nyuma yake, na majirani zangu saba waliokuja kunisaidia wamejazana kwenye tela na sufuria la maharage. Dereva akashuka, macho kwenye simu.

"Mama Tere! Toka mama, mashine imefika!"

Akasogea, akatazama simu, akatazama msalaba, akalisoma jina lilelile kwa sauti, polepole. Nikaona nisipojitokeza zamu inanipita, nikainuka, vumbi hadi kwenye nyusi, nikasema kwa upole, "Nipo hapa, mwanangu."

Alipiga ukelele, akaacha simu, akaacha kiatu, akatimua mbio.

Mama Klaudia, jirani yangu, alicheka hadi akaketi chini. Nikamwuliza, "Nyie mnalijua shamba langu miaka yote, mbona hamkumwambia?"

"Baba Tere, tulijua njia siyo hii, lakini nani abishane na simu? Tukasema labda umehamisha mahindi."

"Nihamishie makaburini?"

"Sisi tulimwachia dereva!"

Ndivyo ilivyokuwa. Dereva aliiamini simu, watu wakamwamini dereva, simu ikaniamini mimi, na mimi nilikuwa nimelala makaburini. Vichwa tisa, na hakuna hata kimoja kilichouliza.

Dereva tulimkuta barabarani, akagoma kurudi kwenye trekta mpaka anishike mkono kwanza.

"Una joto, mzee," akakiri, "ila usikae karibu yangu."

Saa mbili nzima zilikuwa zimepotea na mbingu imeshakuwa nyeusi. Shambani hakuna aliyegusa simu. Mama Klaudia alisimama juu ya lundo akapaza sauti, wewe lisha mashine, wewe shika gunia, wewe shona, Baba Tere acha kusimama kama mzimu! Gunia la mwisho liliingia ndani matone yakipiga bati, watu wote wanacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Hilo nalo nikalionea aibu kidogo, kisha nikaacha.

Tangu hapo nimeapa: zamu yangu ikifika, naenda mwenyewe hadi barabara kuu kuipokea mashine, natangulia mbele ya trekta kwa miguu, taratibu, mpaka kwenye mahindi. Wanaopita hunicheka. Wacheke tu.