Jike Kwenye Mti wa Madume

Arvilla Fetterolf alikuwa mkata nyama, na meno ya kulungu aliyajua kuliko daktari anavyoyajua ya watu. Kila Novemba ikielekea Desemba, bucha ya kijijini kwao katika milima ya Pennsylvania ilipokea mizoga kutoka kila bonde, na kila mzoga ulipita mezani kwake. Wenzake walitazama pembe. Yeye alifunua mdomo. Kulungu ambaye jino lake la tatu lina vilima vitatu vya kutafunia bado ana jino la utoto, hajatimiza hata miaka miwili. Likidondoka, linaota jingine lenye vilima viwili, na hapo ndipo anahesabiwa mtu mzima. Hayo hakuyasomea popote. Aliyapata kwa kisu na maji ya moto.

Mwaka 2002 alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mapaja ya nyama tangu usichana. Mumewe Merle alikufa miaka saba nyuma, akamwachia nyumba, bunduki, na kitanda cha chini karibu na jiko katika kambi ya wawindaji ya mlima wa Krumm. Nyumba na bunduki hazikuleta maneno. Kitanda kilileta. Kambi ile ya magogo ilikuwa ya wanaume sita tangu enzi za baba zao, na mkuu wake alikuwa Clayton, kaka yake Merle. Siku ya mazishi Arvilla alimwambia Clayton, mbele ya mchungaji, kwamba mume anazikwa lakini kitanda hakizikwi. Clayton akakubali kwa sababu ya haya ya msiba, ila akaongeza, "Kitanda cha Merle, sheria zangu." Tangu siku hiyo Arvilla alilala pale kila msimu, na kila msimu kulikuwa na waliongoja akosee.

Sasa mwaka ule jimbo likatoa sheria mpya. Asipigwe dume ila mwenye ncha tatu au zaidi kwenye upande mmoja wa pembe, wadogo waachwe wakue. Bonde zima likawaka moto. Watu waliozoea kufyatulia chochote chenye kijipembe, leo waambiwe wahesabu kwanza, kichakani, mnyama mwenyewe anakimbia!

Tulitukana sana, sisi wa bonde lile, na nusu ya matusi yetu yalikuwa ya kipumbavu. Msimu wa kwanza madume waliofika mezani kwa Arvilla walishuka kutoka arobaini na mmoja hadi ishirini na watatu, watu wakalia kwamba wameibiwa. Kufikia msimu wa tatu walikuwa wamerudi thelathini na kitu, na nusu yao walikuwa na meno ya utu uzima. Haya, lakini pale ambapo msitu ulikuwa umetafunwa hadi kubaki makangaga na mawe, pembe zilikuwa nyembamba kama penseli hata kwa dume mzee. Sheria ilitoa umri, chakula haikutoa. Arvilla alilisema hilo kabla ya mtu yeyote, nalo ndilo lililomponza.

Alilisema Jumapili, siku moja kabla ya msimu ule wa kwanza kufunguliwa, wakiwa mezani na supu ya kuku na mahindi.

"Pembe hazitiwi chunguni," Clayton alikuwa akifoka. "Mimi nikiona dume, napiga. Hiyo sheria yao wakae nayo huko huko ofisini."

"Mwaka jana madume arobaini na mmoja walipita mezani kwangu, shemeji," Arvilla akasema. "Thelathini na wanne walikuwa na meno ya utoto. Mnachinja darasa la kwanza lote, halafu mnauliza mbona chuo kikuu hakuna watu!"

Boyd Hummel, mchekeshaji wa kambi, akapaliwa na supu. "Kumbe ndiyo maana mimi sikufika chuo kikuu. Kuna mtu alinipiga njiani."

"Nyamaza wewe," Clayton akasema. "Kwa hiyo shemeji uko upande wao?"

"Siko upande wa mtu. Na wao wamefanya nusu ya kazi. Mlima huu umejaa majike, kila chipukizi wanamaliza. Haya, dume tumemwacha akue. Atakula nini, mawe? Lazima tupige na majike."

Vijiko vikasimama. Enzi za babu zao kulungu nusura waishe kabisa milimani, na tangu hapo jike akawa mwiko. Mtoto wa kiume alifundishwa hilo pamoja na sala. Serikali iliuza vibali vya majike miaka nenda miaka rudi, na wapo waliovinunua ili wavitie motoni, jike mmoja apone.

"Hapa mwanamume hapigi jike," Clayton akasema.

"Mimi si mwanamume."

Boyd alicheka. Clayton hakucheka. Alinyoosha kidole dirishani, kwenye boriti iliyofungwa kati ya misonobari miwili mbele ya kambi, ambayo wote waliiita mti wa madume, na ambako kwa agizo la baba yake kila kilichopigwa kilitundikwa. "Nisikilize vizuri. Jike hatundikwi pale nikiwa hai. Atakayemtundika afungashe siku hiyo hiyo, na kitanda nampa mwingine. Awe Fetterolf, awe nani."

"Nimesikia," Arvilla akasema, akajiongezea supu. Kusikia si kukubali, na yeye hakusema amekubali.

Jumatatu, jua lilipochomoza, alikuwa ameketi chini ya mwaloni na koti lake la rangi ya chungwa, miguu imekufa ganzi. Dume akaja taratibu hadi hatua arobaini. Arvilla akahesabu ncha. Moja, mbili. Dume akageuza kichwa. Moja, mbili. Kidole kilimwasha, tusidanganyane, kwa maana nyama ilikuwa imesimama mbele yake. Akamwacha apite.

Saa nne wakaja majike saba, mmoja nyuma ya mwenzake, wakichokora theluji kutafuta kisichokuwepo. Mbavu zilihesabika na majira ya baridi yalikuwa hayajaanza vizuri. Hapo Arvilla akakasirika, akawakasirikia wanaume wenye huruma ya kuangalia mnyama akifa njaa Februari wakajiona wamemhifadhi. Kibali alikuwa nacho mfukoni. Akamchagua mzee wao, mwenye uso mrefu na mgongo uliobonyea. Risasi moja.

Alimpasua, akamsafisha, akaanza kumburuta. Kwenye njia panda akamkuta Boyd.

"Mama weee! Arvilla, umefanya nini?"

"Nimewinda. Wewe umefanya nini tangu asubuhi?"

"Sikiliza, dada yangu." Boyd alishusha sauti, na safari hii hakuwa na utani. "Gari langu liko barabara ya nyuma. Tumpakie sasa hivi, tumpeleke bucha. Clayton hatajua, na kitanda chako kiko palepale. Mimi siri hii nakufa nayo."

Arvilla akasimama. Moyo ulimuuma, kwa kuwa kitanda kile ndicho mahali pekee duniani ambapo bado alikuwa mke wa mtu. Kwingine kote alikuwa mjane. Boyd alimtakia heri, na alilijua hilo.

"Niibe nyama yangu mwenyewe?" akasema. "Shika mguu huo, au nipishe."

Boyd akashika mguu.

Walipofika kambini mti wa madume ulikuwa mtupu. Arvilla akazunguka nyuma ya banda la kuni kutafuta kamba. Akaona turubai, na chini ya turubai kwato nne. Alikuwa dume mdogo, ncha mbili huku na mbili huku, miguu imefungwa kwa kamba ya kijani ambayo Clayton hakumwazima mtu. Arvilla akachuchumaa, akafunua mdomo. Vilima vitatu. Akaifungua kamba ile, akarudi nayo mbele, akamtundika jike wake katikati ya boriti.

Wanaume wakateremka kwa chakula cha mchana, mmoja mmoja, wakasimama. Clayton alifika wa mwisho.

"Mshushe," akasema. "Mshushe ufungashe."

"Namshusha. Wewe tundika wako kwanza."

"Wangu yupi?"

"Yule mtoto uliyemlaza chini ya turubai. Kamba yako si hiyo hapo juu? Itazame." Clayton akaitazama, na wenzake wakaitazama. "Baba mkwe alituambia kilichopigwa hutundikwa. Basi mlete, umweke hapa kando ya jike wangu, wanaopita barabarani wamwone, na afisa wa wanyamapori akipita amwone. Si ulisema unawakaidi? Mkaidi hafuniki, shemeji."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Clayton uso ulimwiva. "Kambi hii ni yangu," akasema.

"Na kitanda ni cha Merle. Siku utakayomtundika uliyempiga, nitafungasha mwenyewe, hata kahawa sitangoja."

Hakuna aliyemtetea Clayton, na hakuna aliyemtetea Arvilla pia, watu wenyewe ndio wale. Clayton akaenda hadi banda la kuni, akasimama pembeni mwa turubai akiwapa mgongo. Walimngoja. Hakuinama kumtoa.

Arvilla akafuta damu mikononi kwa theluji, akaingia ndani, akajinyoosha kitandani na mabuti yake mchana kweupe, mlango wazi. Akasikia Boyd akiuliza nani anataka supu. Hakuna aliyekuja kumwambia ainuke.