Mteja Aliyekuja Kufutwa Uso

Najua utakachosema. Utasema huyu mama wa saluni amevuta harufu ya dawa za nywele mpaka kichwa kimelegea. Sema tu. Hata mume wangu alisema hivyo mwanzoni, na siku hizi ndiye wa kwanza kufunga mlango jua likianza kuinama. Ninachokueleza nilikiona kwa macho haya mawili, hapa hapa Shelui, mchana haujaisha, malori yanapita barabarani kama kawaida. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuonja.

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Nina chumba kimoja kando ya barabara kuu, karibu na maegesho ya malori, na nyuma yake kuna ua tunakoishi. Hapo nilikuwa nakaa pia na mdogo wangu, Neema. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo Neema nimemlea mimi, na kumsomesha nimemsomesha mimi. Wakati huo alikuwa ameposwa na kijana wa Misigiri, familia ya wakulima wa vitunguu, watu wenye heshima zao. Ndoa ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Nakwambia mapema ili ujue kwamba nikisema niliogopa, nilimwogopea Neema.

Sasa, vipodozi vyangu vyote nilikuwa naviweka kwenye tranka, lile tranka la bati nililokwenda nalo shule ya bweni. Kila harusi mpya nanunua kitu kipya, cha zamani sitoi. Poda za kila rangi, hata zile ambazo mtu wa ngozi hiyo hajawahi kuzaliwa Singida. Fandesheni zimepigwa na joto mpaka zimetengana, maji juu, udongo chini. Lipstiki zimeyeyuka zikagandana na kope za bandia. Nikiitwa kupamba vijijini, dereva wa bodaboda analitazama tranka, ananitazama mimi, anauliza, "Dada, unahama?"

Siku moja nikamwona kwenye simu mwanamke anaeleza namna ya kuishi na vitu vichache. Alikuwa na kipochi kidogo tu, ndani yake poda, wanja, rangi ya mdomo na brashi ya kupakia, basi, na uso wake unang'aa kuliko wa kwangu mimi mwenye tranka zima. Maneno yake yaliniingia. Nikamwambia Neema, "Mimi leo nabaki na kipochi." Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Dada, wewe hata mfuko wa rambo hutupi!"

Hapo ndipo nilipokosea. Hebu nikuulize: ukienda kusuka, nywele zako zilizokatika unaziacha sakafuni? Huziachi. Unazikusanya unaondoka nazo, au unasimama unaangalia zikichomwa. Kila mtu kwetu anajua kwa nini. Mama Sada, mwanamke wa Singida mjini aliyenifundisha kazi, aliniambia hata sponji na brashi ni hivyo hivyo. Kilichogusa uso wa bibi harusi kikichakaa, kichome au kitumbukize chooni, maana kimenyonya jasho la mtu. Nami siku zote nilifuata; ambacho sikukichoma kilibaki trankani.

Lakini siku ile upepo ulikuwa ule wetu, ule unaobeba mchanga na kuezua mabati. Jirani alikuwa amerundika mashina ya alizeti ukutani, makavu kabisa. Kuwasha moto pale ni kumuunguzia mtu nyumba. Na choo chetu kilikuwa kimejaa, tunasubiri kuchimba kingine. Nikajiambia, ah, taka ni taka. Nikabeba rundo lote, sponji za miaka yote, brashi, vitambaa vya kufutia, nikaenda kuvimwaga kwenye shimo la taka kule nyuma ya malori. Nilirudi nimejaa furaha, nikaking'arisha kipochi changu kama mtu aliyenunua gari.

Kesho yake alasiri akaja mteja.

Neema alikuwa uani anasugua masufuria, namsikia anaimba nyimbo za kwaya. Mimi nafagia. Nikainua macho nikamkuta mwanamke amekwisha kukaa kwenye kiti cha mbele ya kioo. Mlango wangu unalia ukisukumwa, lakini sikuusikia. Nikamkaribisha, nikamsalimia. Kimya. Nikasema labda ni mgeni wa kwenye malori, wengine wana maringo yao. Alikuwa amevaa kitenge kizuri, na mtandio umetanda kichwani. Nikatazama viatu vyake. Vyeusi, vinang'aa, havina hata chembe ya vumbi. Shelui! Siku ya upepo! Moyo wangu ukaanza kwenda mbio kabla hata sijajua unakimbia nini.

Uso wake ulikuwa umepakwa, lakini si kupakwa huku tunakokujua. Ulikuwa mzito. Poda imekaa mpaka kwenye kingo za masikio. Alizungumza bila kufungua mdomo vizuri, kama anayeogopa rangi isipasuke.

"Nataka unifute."

"Nikufute halafu nikupake upya?"

"Nifute tu. Vimenizidi."

Nikachukua pamba na mafuta ya nazi, nikaanza kwenye paji la uso. Pamba ilitoka imejaa rangi. Nikaitupa, nikachukua nyingine. Na chini ya ile rangi, naapa mbele za Mungu, hakukuwa na ngozi. Kulikuwa na rangi nyingine. Uso mwingine umepakwa vizuri kabisa, na nyusi zake ni zangu, yaani zimechorwa na mimi. Kila fundi ana mkono wake, na wangu naujua. Pale kwenye kidevu pakatokea kidoti cheusi. Kidoti cha Zawadi, bibi harusi wangu wa mwisho, ambaye nilimpamba mwezi uliotangulia.

Nikajiambia ni kufanana. Nani hajawahi kufananisha mtu? Nikapitisha pamba tena. Kidoti kikafutika, kikabaki kwenye pamba. Mashavu yakajaa, pua ikatanuka kidogo, na kwenye kioo akanitazama Rehema, mwalimu wa shule ya msingi aliyeolewa kabla ya Zawadi. Ile rangi ya mdomo ya zambarau niliyobishana naye mpaka akashinda, ilikuwa pale pale.

Nikasema, "Dada, samahani, pamba imeniishia." Pamba ilikuwa mezani, tunaiona wote wawili. Akanishika mkono. Hakunibana, lakini vidole vyake havikuwa na joto wala baridi, na mkono wangu ukaendelea kufuta wenyewe. Akatokea bibi harusi wa kabla ya Rehema. Kisha wa kabla ya huyo. Nikaelewa kinachoendelea. Tulikuwa tunarudi nyuma. Kila nikifuta, tunarudi kwa mtu niliyempamba kabla.

Sasa nikuulize, mtu wa kwanza kabisa kumpamba alikuwa nani?

Nilipokuwa najifunza kazi sikuwa na mteja hata mmoja. Nilikuwa na mdogo wangu. Neema ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kigoda kila Jumapili mchana, anavumilia nimchore nyusi zilizopinda, anajiangalia kwenye kioo, anasema, "Dada umejitahidi," na tunacheka. Sponji nilizoanzia nilikuwa nimezihifadhi chini kabisa ya tranka. Na zile nazo nilikuwa nimezimwaga shimoni.

Nilijaribu kuvuta mkono, ukawa kama si wangu. Nyuso zilipita nyingine na nyingine, za mwanzo mwanzo, kazi mbovu mbovu, na kila moja ilinitazama kwenye kioo kwa macho yale yale ambayo hayakuwa ya mtu yeyote ninayemfahamu. Uani Neema aliacha kuimba. Pamba yangu ilikuwa imefika shavu la kushoto. Pakajitokeza nusu ya uso wa msichana, na juu ya jicho nyusi moja imepanda juu, imepinda, kama ya mtu aliyeshtuka. Ile nyusi niliichora mimi Jumapili ya kwanza.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Neema alisimama pale, mikono ina majivu ya kusugulia, ameshika shavu la kushoto.

"Dada, uso unaniwaka. Upande huu."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Labda ni sauti yake. Nilijinasua nikaitupa ile pamba, nikaipiga teke chupa ya mafuta ikamwagika sakafuni. Kwenye kioo niliwaona wote wawili, Neema mlangoni, na nusu ya Neema kwenye kiti. Upande wa pili bado ulikuwa wa mtu mwingine.

"Malizia," akasema yule.

"Simalizii."

"Umebakiza kidogo."

"Nimesema simalizii! Toka kwangu!"

Akageuka taratibu akamtazama mdogo wangu, kwa muda mrefu, kama anayemsoma. Na Neema, maskini, mtoto niliyemlea kwa adabu, huku meno yanagongana kwa hofu, akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo mama." Yule hakuitikia. Akainuka, akauvuta mtandio ukafunika ule upande ambao haukufutwa, akatoka nje. Nilipokimbilia mlangoni barabara ilikuwa wazi pande zote, upepo tu unabiringisha mifuko. Nikakimbia mpaka kwenye shimo la taka. Maganda ya mihogo yapo, chupa zipo. Sponji hata moja haikuwepo.

Rehema alinipigia jioni ile ile, kabla sijamweleza mtu yeyote. Akauliza, "Dada, ile lipstiki ulinipaka ilikuwa ya aina gani? Leo alasiri mdomo umeniwaka kama mtu ananifuta." Nilikata simu nikalia. Nikampigia Mama Sada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu, "Ulichoma?" Nilipomwambia sikuchoma, akasema nisithubutu kumpaka Neema kitu chochote, si Jumamosi, si siku nyingine.

Basi mdogo wangu aliingia kanisani na uso ulionawishwa kwa sabuni na kupakwa mafuta ya kawaida. Watu walinong'ona. Eti mpambaji gani huyu anapamba watoto wa wenzake, wa kwake anamwacha hivi hivi? Mimi nilikuwa namhesabia kila hatua mpaka madhabahuni, namwomba Mungu amfikishe. Alifika. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Hata mwezi haujapita, Neema akarudishwa kwangu na begi lake. Mama mkwe wake alikuwa amemwona sokoni Misigiri, amepakwa usoni, amejitanda mtandio upande mmoja, akampita bila shikamoo. Kwa wakwe, hilo ni tusi. Alipomwita jina, mkwe akageuka, akamtazama, akaenda zake. Na Neema siku hiyo alikuwa shambani anang'oa vitunguu na mumewe. Mume anasema alikuwa naye, mama anasema nimemwona kwa macho yangu, nyumba ikawaka moto.

Nilikwenda naye Misigiri mwenyewe kumwombea. Nilieleza yote kama ninavyokueleza wewe. Yule mama alinisikiliza mdomo ameupinda. Neema amekaa mkekani mbele yetu, anachambua mchele, kichwa ameinamisha. Mlango uko wazi. Ndipo nikamwona mama mkwe anatazama nje, na uso wake unabadilika. Nikageuka. Kwenye njia ya mbele ya nyumba mwanamke alikuwa anapita polepole, kitenge kizuri, viatu safi, mtandio umefunika upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa wa Neema, na nyusi imepinda. Yule mama aliinuka akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akakaa mkekani karibu na Neema, akaanza kumsaidia kuchambua mchele. Tangu siku hiyo hajamwita mkwe tena, anamwita mwanangu.

Mimi bado napamba. Kipochi changu kinatosha mfukoni, na kila bibi harusi ananunua sponji yake, anaondoka nayo. Lakini uso wa mtu sifuti. Uniletee hata mtoto wangu, nitampa pamba ajifute mwenyewe. Na nikipigiwa simu kutoka Misigiri, kabla sijapokea nashika kwanza ukuta.

Nakuomba, wewe unayenisikiliza, ukipunguza vitu vyako vichome. Upepo ukiwa mkali, subiri utulie. Na ukipita njia hizi ukakutana na mdogo wangu, uso wake mkavu, hana hata wanja, msalimie tu, atakuitikia vizuri. Neema wetu hapaki kitu, na hatapaka mpaka anazeeka. Tumekubaliana hivyo ili tumjue. Ukimkuta amepakwa, nyusi moja imepanda, usimwite jina. Na akikaa kwenye kiti chako akakuomba umfute upande uliobaki, mwambie kazi hiyo huijui, tafadhali, kwa sababu mimi sijui siku yule atakapofutwa uso wote, huyu Neema wangu atabaki na uso gani.