Mafuta ya Mazishi

Juzi nilikuwa kwa wakala wa bima hapa Kitengela, nikingojea stika mpya ya gari langu. Mbele yangu alisimama mzee mmoja, kofia ameishika kifuani kama aliye kanisani. Gari lake lilibingirika akitoka mazishini Loitokitok. Hakuna aliyeumia, ila gari lenyewe halitengenezeki tena. Hata hivyo alikuwa mtulivu, maana miaka yote amelipia bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe.

"Ulikuwa umebeba nani?" akauliza msichana wa kaunta.

"Watu wa kanisa, madam. Tulienda kuzika mwenzetu."

"Walikulipa?"

"Kunilipa? Aka! Walinichangia tu mafuta. Kila mtu alitoa kile alikuwa nacho. Watu wetu wako na roho safi."

Alilisema hilo kwa fahari. Msichana akaweka kalamu chini, polepole.

"Mzee, bima yako ni ya gari la kibinafsi. Ukichukua pesa ya abiria, hiyo ni biashara. Kampuni haitalipa."

"Lakini ilikuwa ya mazishi."

"Pole, mzee."

Akavaa kofia, akaivua tena, akabaki ameikodolea macho.

Jumamosi nami nina mazishi. Nimewaambia majirani nitawabeba bure, asitoe mtu hata shilingi. Wote wamenuna. Mmoja ameniuliza, "Kwani sisi unatuona ombaomba?"