Ndago Moja Katika Uwanja wa Loretta

Kwa miaka sita, kila Juni, kibao cha Uwanja Bora kilichomekwa mbele ya nyumba ya Harlan Spivey, kando ya sanduku lake la barua. Ni kibao kidogo cha mbao chenye maandishi meupe, na hakiji na zawadi yoyote, hata keki. Lakini katika mji wetu mdogo wa Georgia mtu hujulikana kwa nyasi zake kabla ya jina lake, na kibao kile kilimtosha Harlan. Alikuwa amegawa barua kwa miguu miaka thelathini na mmoja, akipita mbele ya viwanja vya wenzake. Alipostaafu alitaka wenzake nao wapite mbele ya uwanja wake.

Mwaka wake haukuanza Januari. Ulianza mwishoni mwa Februari, siku kile kichaka cha pembeni mwa kanisa kinapofunguka maua ya njano kabla ya kutoa hata jani moja. Hapo Harlan alichomeka kipimajoto ardhini, akangoja udongo upate joto kidogo, kisha akatawanya punje za dawa ya kuzuia mbegu za magugu zisiote. "Nikichelewa wiki moja tu," alisema, "nimekwisha mpaka Oktoba." Mei alipambana na ndago, gugu linalojificha kwa kokwa ardhini. Majira yote ya joto alikata nyasi kila siku ya tatu, ili ukoka ufungane na kuyanyima magugu jua. Septemba alitawanya punje tena, kwa ajili ya yale magugu yapendayo baridi. Na Desemba, ukoka ukiwa umelala na kugeuka rangi ya mkate, gugu lolote lililoponyoka lilionekana la kijani peke yake, naye alizunguka na bomba mgongoni na kofia ya sufu kichwani, akiyanyunyizia moja moja kama muuguzi anayechanja watoto.

"Mimi ni mke mwenza," mkewe Jewel aliwaambia wanawake wa kanisani. "Mwenzangu yuko nje, analala chali, anamwagiliwa maji kila asubuhi."

Halafu nyumba ya jirani ikanunuliwa na Loretta Mapp, mjane aliyekuwa mpishi wa shule. Uwanja alioukuta ulikuwa magugu matupu. Harlan alimhurumia mwaka ule wa kwanza, na alifurahia kumhurumia. Kila jioni alimwona amekalia ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi, akichokoa ardhi huku akiimba kwa sauti ya chini. Akimaliza shibiri moja, anasogeza ndoo.

Mwaka wa pili ukoka wake ulikuwa umeshikana. Mwaka wa tatu, Juni mosi, Bi. Winona Teasley, mwenyekiti wa kamati ya bustani, aliteremka garini na kibao kwapani. Harlan alikuwa barazani, ameshavaa shati safi. Bi. Winona alimpungia mkono, akampita, akaenda kukichomeka kwa Loretta.

Harlan aliingia ndani, akakaa kitandani na viatu.

"Usinune," Jewel alimwambia mlangoni. "Kakupita, basi. Mpelekee hongera."

"Kanipita kwa nini? Ana kisu tu!"

"Ndiyo hivyo. Kisu tu."

Alikwenda. Loretta alikuwa juu ya ndoo yake, amefunga kitambaa kichwani.

"Hongera, Bi. Loretta."

"Asante, Bwana Spivey. Mbona unaitoa kama jino?"

Harlan alicheka bila meno kuonekana. "Niambie kweli, jirani. Ndago unaipiga dawa gani?"

"Dawa?" Aliinua kisu. Kilikuwa kisu cha jikoni, makali yamelika mpaka kimekuwa chembamba kama unyoya. "Naifuata chini mpaka nipate ile kokwa yake. Ukiacha kokwa, umeikata nywele tu."

"Uwanja wote huo? Kwa hicho?"

"Nilikuwa namenya viazi vya watoto mia nne kila siku, mzee wangu. Hii ni mapumziko."

Hakumwamini. Na kila siku aliyoendelea kutomwamini, wivu ulipata chakula. Akinywa kahawa, aliinywa dirishani, macho ng'ambo. Akikata nyasi zake, alisimama kwenye mpaka na kulinganisha: wake ulikuwa kijani, wa Loretta ulikuwa kijani kilichotulia, kama mtu aliyelala vizuri. Mbaya zaidi, jioni Jewel alianza kuvuka na ndoo yake mwenyewe. Harlan aliwasikia wakicheka. Miaka arobaini ya ndoa, na hakuna siku Jewel alikuwa amemshikia hata bomba.

Jumapili ya pili ya Juni alisema mgongo unamuuma, asingeweza kwenda kanisani.

"Mgongo au kibao?" Jewel aliuliza, akachukua pochi yake na kuondoka na Loretta kwa gari lake.

Kwa kuwa hakujua la kufanya na asubuhi tupu, Harlan alivaa bomba na kunyunyizia nyufa za njia ya gari. Kwa kazi hiyo alitumia ile dawa isiyobagua, inayokausha chochote chenye jani. Alinyunyiza, akakanyaga, akanyunyiza, mpaka soli za buti zikalowa, na magoti na kiganja pia kila alipojiegemeza chini. Aliponyanyuka, mtaa mzima ulikuwa kimya. Uwanja wa Loretta ulikuwa mbele yake, bila mwenyewe.

Alivuka. Alisema moyoni kwamba anatazama tu. Akafika katikati, akapiga magoti, akaweka kiganja chini, akaupapasa ukoka kama mtu anayetafuta joto la homa. Alitafuta mabaki ya punje za dawa, hakuna. Akasogea. Hakuna. Ndipo karibu na ngazi akaiona: ndago moja, urefu wa kidole, inang'aa kwa ujana.

Nusura acheke. Mkono ulikwenda kuing'oa wenyewe, kwa mazoea ya miaka, naye akaurudisha. Aliiacha. Kokwa moja huzaa dazeni kwa msimu, alijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote mtaani. Akarudi kwake, na mgongo ulikuwa mzima kabisa.

Dawa ile haina haraka. Siku ya tisa, Jewel aliamka kupika kahawa, akachungulia dirishani, akaita bila kupandisha sauti.

"Harlan. Njoo uone umeandika nini."

Nyayo zilikuwa za manjano, zimekauka, zimekaa vizuri moja baada ya nyingine kutoka njia yao ya gari. Zilikatiza ukoka wa Loretta mpaka katikati. Pale palikuwa na mabaka mawili ya mviringo na, mbele yake, kiganja cha mkono na vidole vyote vitano. Kisha mabaka mengine mawili karibu na ngazi. Kisha nyayo za kurudi.

"Huyu alikuwa anasali?" kijana wa kusambaza magazeti alimuuliza mzee aliyepita na mbwa. Mzee alitazama nyayo, akatazama zinakotoka, akavuta mbwa wake.

Loretta alitoka na kikombe chake. Halafu aliteremka na kuanza kuzifuata, akiweka kandambili zake ndani ya kila unyayo, mpaka barazani kwa Harlan. Hakugonga, kwa sababu Harlan alikuwa tayari mlangoni.

"Umepoteza nini kwangu, Bwana Spivey?"

"Buti zilikuwa na dawa. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua, Bi. Loretta."

"Hizo ni nyayo. Nauliza magoti."

Jewel, nyuma yake, alimsukuma begani kwa kidole.

"Nilikuwa natafuta ndago."

"Uliipata?"

"Moja."

"Wapi?"

"Karibu na ngazi."

"Ile niliyoichimbua Jumanne iliyopita." Loretta alimtazama. "Ilikuwa imeshapata binti wawili. Kwa hiyo ulipiga magoti, ukaiona, ukaondoka?"

Harlan angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema gari lilipita. Wakati huo gari la Bi. Winona lilikuwa likisimama, maana habari za nyasi hapa hazingoji simu. Alikuja na uso wa msiba.

"Loretta, mpenzi, pole. Kamati itasikitika, lakini kibao hakiwezi kukaa mbele ya… ya hivi. Itabidi nikirudishe kwa mshindi wa pili." Akageuka. "Ambaye ni wewe, Harlan."

Sasa kilikuwa hapo, hatua tano tu, na hakuhitaji kufanya lolote ila kunyamaza. Harlan alikitazama kile kibao jinsi mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Alikitaka. Hata wakati ule, na uso wake ukiwaka moto, alikitaka.

"Nyayo ni zangu," alisema.

"Bahati mbaya, bila shaka," alisema Bi. Winona. "Dawa kwenye viatu. Ilimpata hata shemeji yangu."

"Viatu ni bahati mbaya." "Kupiga magoti si bahati mbaya. Nilikwenda kumtafutia kosa. Nikalipata, nikaliacha limee. Uwanja ule unashinda wangu, Bi. Winona. Unajua na mimi najua, ndiyo maana silali."

Bi. Winona alirudisha funguo zake mkobani, zikamponyoka, akaziokota.

"Kibao kibaki kilipo," alisema. "Nitawaambia wanakamati ni ajali ya jirani."

"Waambie ni wivu," alisema Loretta. "Wataelewa upesi zaidi."

Mchana ule Harlan alichukua sepeto na kwenda kwenye ukoka wake mzuri kuliko wote, ule wa kando ya sanduku la barua. Aliukata vipande vya mraba, na uwanja wake ukabaki na mashimo mekundu ya udongo wa Georgia, yakionekana na kila gari lililopita. Akavibeba kwenye toroli hadi ng'ambo. Loretta alikuwa ameshakaa kwenye ndoo yake, na Jewel kwenye yake.

"Nianzie wapi?"

"Magotini," alisema Loretta. "Nyayo naweza kuzivumilia."

Alichimbua ukoka mfu na kuingiza mkono kusawazisha udongo. Ulikuwa laini, mweusi kidogo, umechokolewa kwa kisu jioni baada ya jioni kwa miaka mitatu. Aliupitisha kati ya vidole vyake akitafuta uzi wa mzizi, kokwa, chochote. Haukuwa na kitu. Wivu ulimrudia palepale, mpya kama siku ya kwanza, naye akashika kipande cha kwanza cha ukoka wake, akakikandamiza kwa viganja vyote viwili, akaomba maji ya kukimwagilia.