Makapu Mawili ya Ndiga

Shangazi yangu wa Dimani alinipa kazi moja tu wiki ile: kukaa na kusubiri. Ikanishinda.

Tulikwenda kwake mimi, binti yangu na rafiki ninayefundisha naye chuoni, kuchimba ndiga. Kila mwaka ukoo wetu humsomea dua bibi yake shangazi, aliyekuwa mtoto wakati wa Vita vya Maji Maji. Maghala yalichomwa, na njaa iliyofuata aliivuka kwa ndiga, kiazi cha porini chenye sumu. Ndiyo maana siku ya dua, kabla ya pilau, kila mtu hula tonge moja la ugali wa ndiga. Tangu shangazi airithi kazi ya kuuandaa ugali huo kwa mama yake, tonge hilo halijawahi kukosekana.

Jumatatu tukaingia porini. Majani yalikwisha pukutika, kwa hiyo shangazi alifuata mtambaa mkavu wenye miiba mpaka unapozama ardhini, kisha akanionyesha pa kuchimba. Rafiki yangu alichimba kidogo, akakaa chini.

"Shangazi, kwani Kibiti sokoni hakuna mihogo?"

"Ipo tele. Nenda kanunue, ukamsomee dua muuza mihogo."

Binti yangu alicheka mpaka jembe likamponyoka.

Tulimenya, tukakata vipande vyembamba, tukavitia kapuni na kulizamisha kijitoni. Maji yanayokwenda huiondoa sumu kwa siku nne. Kando yake lilikuwepo kapu jingine, alilolizamisha shangazi Jumamosi. Hilo lingetoka Jumatano, likaanikwa na kutwangwa kuwahi dua ya Ijumaa. Letu lilikuwa la kujifunzia.

Jumanne nilishuka kijitoni, nikarudi, nikashuka tena. Nilisahihisha mitihani miwili, wanafunzi wote wawili wakaniudhi. Nilipanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa. Safari ya tano kijitoni nikakuta kapu la shangazi limechanika ubavuni. Nikafanya ambacho mtu mwenye shahada tatu hufanya: nikavimimina vipande vyake vyote ndani ya kapu letu, nikavikoroga vizuri ili maji yavifikie sawasawa. Nilirudi nyumbani najiona wa maana.

Jumatano asubuhi, tukiwa kijitoni, shangazi akauliza, "Kapu la Jumamosi liko wapi?"

"Lilichanika, shangazi. Vipande nimevitia humu, kwenye letu."

Alitoa kipande, akakigeuza, akatoa kingine. Vyote vyeupe, vyote vimefanana.

"Haya baba, nitolee vya Jumamosi."

Niliinamia kapu, nikaanza kuvipekua.

"Muulize vizuri, shangazi," rafiki yangu alisema. "Huyu ni daktari wa historia."

"Historia gani? Hata ya Jumamosi haijui."

Hakucheka aliposema hivyo. Alikaa ukingoni, akahesabu kwa vidole kuanzia Jumatatu yetu. Kabla ya Ijumaa hakuna kipande ambacho kingeweza kutoka majini. Aliomba simu ya binti yangu, akapanda nasi mahali penye mtandao, akawapigia ndugu mmoja mmoja: dua imehamia Jumapili. Ndugu wa Nyamisati alilalamika kwa sauti iliyotufikia sote. Samaki amekwisha waagiza, na pilau peke yake ina ubaya gani?

"Bibi hakuokolewa na pilau," shangazi alijibu, akakata simu.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, alitoa kapu, akachemsha kipande kimoja. Siku zote mwonjaji ni yeye. Safari hii sahani aliisogeza kwangu.

"Aonje aliyekoroga. Tafuna, tema, usubiri. Koo likiwasha, useme."

Nilitafuna, nikatema. Saa nzima nilikaa mkekani, naye amekaa mbele yangu ananitazama shingo. Koo liliwasha mara kumi, na mara zote kumi ulikuwa woga wangu. Nikitaka kuinuka, binti yangu ananishika shati.

"Vipi?" shangazi aliuliza mwishoni.

"Salama."

"Una hakika, au umesoma mahali?"

"Nina hakika, shangazi."

Akamwambia binti yangu atandike majamvi juani. Mimi nikainuka kusaidia.

"Wewe kaa," alisema.

Nikakaa.