Siku Nilipopanga Jiko la Mama Mdogo

Miaka ya elfu mbili na kidogo nilikuwa nasomea shahada ya historia katika tawi la chuo kikuu mjini Kitale, Jumamosi na likizo. Kozi ya nyongeza kuhusu ulemavu niliichukua kwa sababu isiyo ya kishujaa: ilifundishwa asubuhi, nami mchana nilipenda kulala. Baada ya mihula miwili nikajiona mtaalamu. Zoezi la mwisho lilikuwa kumtembelea mtu mwenye ulemavu na kuandika ripoti. Nikamchagua mama mdogo, asiyeona tangu utotoni, aliyeishi peke yake nje kidogo ya mji wa Bungoma.

Nilifika siku kubwa kwake. Akina mama wa kanisa walikuwa wakisali nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba huwapikia. Miaka yote zamu yake ilirukwa, kwa huruma. Safari hii aliidai mpaka mwenyekiti wao akamwandika, kwa penseli.

"Nikiharibu leo, hawatarudi," aliniambia.

Alipotoka kwenda kuchuma mboga ya mrenda, elimu ikanipanda kichwani. Jikoni niliona hatari kila mahali: kisu karibu na mlango, sufuria sakafuni, chumvi kando ya sabuni ya unga. Nikapanga vyote upya, kwa usalama wake.

Aliporudi alinyoosha mkono kuchukua chumvi. Akashika hewa.

"Ati nani ameingia hapa?"

"Ni mimi, mama. Nimekupangia vizuri."

"Umenipangia?" Kuku alikuwa jikoni anachemka, na wageni walikuwa wamebakiza saa moja. "Si ungeniuliza, bana? Haya, rudisha kila kitu."

Hapo ndipo nilipoumbuka. Sikukumbuka hata kimoja kilikuwa wapi, mimi mwenye macho mawili na miwani juu yake. Ikabidi yeye aniongoze huku akisonga ugali: chumvi mkono mmoja kutoka mlangoni, kisu juu ya kibao.

"Hicho ni kifuniko, nimesikia. Nilisema sufuria."

Wageni walipoketi, mwenyekiti aliinuka ili apakue.

"Kaa, dada. Wewe ni mgeni. Wa kunisaidia ninaye, amesomea."

Wakacheka. Mimi nikapewa jagi na beseni niwanawishe mikono, kazi ambayo kwetu huachiwa wasichana. Nikainama mbele ya kila mmoja, shahada yangu ikiinama nami.

Walikula. Mwenyekiti aliomba mrenda mara ya pili. Kabla ya sala ya kufunga akafungua daftari, akasoma zamu za mzunguko ujao. Mama mdogo alikuwa wa tatu.

"Umeandika na nini?" akauliza mama mdogo.

"Na biro, dada."

Akatabasamu upande wa dirisha. Kisha akanigeukia.

"Haya, mtaalamu, osha vyombo. Ukimaliza, uniulize vinakaa wapi."